Walezi wa makao ya watoto, na sisi tusajiliwe kama manesi?

Mama_wa_Zamu

Habari za usiku wanajukwaa. Nipo zamu, watoto wamelala, na huu upepo wa Julai wa Dodoma unagonga mabati kama unatudai. Naandika kwa simu, nikikatiza mjue kuna aliyeamka.

Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto hapa mjini, mwaka wa 11 sasa. Niliingia kama mpishi. Mlezi mmoja akaenda kujifungua, nikaambiwa "Mama, mshikie wiki mbili." Hakurudi, na zile wiki mbili ndizo hizi. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo yenyewe tusiyaulizie. Nina vyeti saba vya semina kwenye bahasha ya kaki: huduma ya kwanza, malezi bila viboko, ulinzi wa mtoto na kadhalika, na kimoja cha ufugaji wa kuku ambacho sijui kiliingiaje humo.

Mwezi uliopita tulipata mgeni, mama wa Kiholanzi, kwao kazi yake ni hii hii ya watoto na vijana. Siku moja tunachambua mlenda akaniuliza kupitia mkalimani, namba yangu ya usajili ni ipi. Nikaenda kabatini nikamletea kitambulisho cha NIDA. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha kwenye simu yake, kwao kuna daftari la nchi nzima la watu wa kazi hii, unaandika jina unaona kama mtu yumo au hayumo. Akikosea anashtakiwa huko, na anaweza kufutwa.

Tangu aondoke nimekuwa nawaza mtu mmoja. Nitamwita Patroni.

Alifanya kazi kwetu miaka mitatu iliyopita. Mchangamfu, mpira anacheza na watoto, wageni wakija yeye ndiye anapiga nao picha. Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa, kikojozi. Usiku mmoja Patroni akambebesha godoro lake akamzungusha nalo uwanjani, wenzake wameamshwa waangalie, halafu akamchapa na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Mimi nilikuwa bweni la wasichana, nilisikia. Nilitoka, nikamkuta ameshamaliza.

Uongozi ulimwita. Akalia, akaomba msamaha. Kesho yake akaandika barua ya kuacha kazi "kwa sababu za kifamilia", naye akapewa barua ya shukrani yenye mhuri, kwamba ametumikia kwa uaminifu. Polisi hawakuitwa. Ilisemwa wafadhili wakisikia, watoto wote watalala njaa.

Machi mwaka huu nilikwenda msibani wilaya ya jirani. Napita mahali, naona watoto wamepanga mstari, na mbele yao amesimama Patroni, filimbi shingoni, fulana ya kituo. Aliniona kabla yangu. "Shikamoo mama!" Nikamjibu marahaba, nikaendelea na safari yangu.

Hiyo marahaba haijanitoka.

Sasa swali langu lina pande mbili na zote zinaniuma. Nataka daftari kama la yule mama liwepo, ili mtu kama Patroni asipate kazi pengine kwa barua ya mhuri. Ila daftari likija kwa mtindo wetu wa vyeti, mimi nitakuwa wa kwanza kutoka nje. Patroni ana stashahada. Mnaonaje?

Mlipa_Ada

Mama pole, ila usiombe mvua ya mawe kwa sababu una kiu. Bodi ikija inakuja na ada ya fomu, ada ya usajili, ada ya mwaka, na kongamano la lazima Arusha lenye kiingilio. Mimi ni mtu wa manunuzi, nina bodi yangu, najua ninachosema. Mhasibu ana bodi, mhandisi ana bodi, walimu sheria ya bodi yao ilipitishwa 2018. Wewe mshahara wako nakisia haufiki laki mbili na nusu. Utalipia nini? Yule mtu alipaswa kupelekwa polisi, basi.

Sista_Makole

Mlipa_Ada, ada zinauma, sibishi. Lakini umeona upande wa risiti tu.

Mama, mimi ni nesi. Kwetu kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sheria yetu ni ya 2010. Ukimaliza chuo bado huruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka usajiliwe, na leseni ina tarehe ya kuisha. Kuihuisha ni lazima uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza. Mwanzoni niliiona kama mzigo, karatasi juu ya karatasi.

Nilikuja kuielewa usiku mmoja wodini. Mkubwa mmoja aliniambia nimchome mgonjwa dawa, maandishi yatafuata asubuhi. Nikamwambia andika kwanza. Akanikazia macho. Nikamwambia daktari, ukikosea wewe leseni ni yako, nikichoma mimi leseni ni yangu. Aliandika, tena kwa hasira kalamu ikatoboa karatasi. Bila ile leseni mimi ningekuwa binti wa zamu tu anayembishia bosi.

Ndiyo maana nilipofika kwenye barua ya shukrani nilisimama kusoma. Walezi wote pale mlijua. Hakuna aliyekuwa na kitu mkononi cha kusema "mimi siwezi kunyamazia hili, nitaulizwa." Aliyewaajiri ndiye sheria yenu, ndiye mahakama yenu, na ndiye anayelipa mishahara. Kwa hiyo nikiulizwa mimi, usajili sio wa kumkamata Patroni peke yake. Ni wa kukupa wewe mgongo.

Mlipa_Ada

Sawa sista, hilo la leseni ni yangu limeniingia. Ila ada ziwe za kibinadamu.

Afisa_Ustawi_Kata4

Shikamoo Mama wa Zamu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja ya mkoa huu, kata nne peke yangu na pikipiki moja ambayo leo iko kwa fundi.

Naanza na linalonisumbua kila ninapokagua. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 makao lazima yawe na leseni, na nikifika naikuta kwenye fremu ukutani, mara nyingi karibu na picha ya Rais. Naangalia vitanda, vyoo, jiko, stoo, faili la kila mtoto. Naomba mikataba ya watumishi, naletewa. Halafu naona jina la mlezi mpya na barua nzuri kutoka alikotoka. Nampigia aliyeandika barua. "Alikuwa kijana mzuri sana afisa." Hapo nimefika mwisho wa barabara. Nyumba naifahamu mpaka idadi ya matundu ya choo, mtu anayelala na watoto simfahamu.

Wengi husema mlete hati ya polisi ya alama za vidole. Ni nzuri, iombwe. Lakini Patroni wako ataipata ikiwa safi kabisa, kwa sababu hakuna aliyemfikisha polisi. Kazi hii ina makosa mengi yasiyofika mahakamani: kumnyima mtoto chakula cha usiku, kumwita kwa jina la ugonjwa wake, godoro uwanjani. Daftari la taaluma ndilo linaloshika vitu vya aina hiyo.

Kuhusu hofu yako ya vyeti. Afrika Kusini walezi wa watoto na vijana wanasajiliwa na baraza lile lile linalosajili maafisa ustawi wao, na wamewekwa ngazi mbili, mwenye shahada na mlezi msaidizi mwenye cheti cha chini. Msaidizi naye yumo, ana wajibu wake na anaweza kuwajibishwa. Sioni kwa nini sisi tushindwe kuwa na mlango wa watu kama wewe, mradi usiwe mlango wa kila anayetaka kazi kwa shemeji yake.

Sasa naomba uniwie radhi Mama, kuna neno lazima niliseme hapa hapa, maana wanasoma na walezi wengine. Kifungu cha 95 cha sheria hiyo hiyo kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa. Hakisemi mwenye stashahada. Hakisubiri bodi. Umemwona Machi, sasa ni Julai. Nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri ambako kituo kile kipo, peleka maandishi: siku, mahali, nani alikuwepo, mtoto yule sasa yuko wapi. Ukiona uzito kuanza, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kama unataka nikuelekeze kwa mwenzangu wa huko, nitumie ujumbe wa pembeni.

Mgogo_Utrecht

Mbukwenyi! Nimecheka hapo kwenye NIDA mpaka jirani amegonga ukuta.

Nipo Uholanzi mwaka wa 14, nafanya kazi kwenye nyumba ya vijana wa miaka 12 hadi 18, hapa Utrecht. Nimo kwenye hilo daftari. Wanaliita kwa kifupi SKJ. Sheria yao ya vijana ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2015, mwaka ule ule huduma zote hizi zilipokabidhiwa kwa manispaa. Msingi wake ni kwamba mwajiri anatakiwa kuwapa kazi watu waliosajiliwa. Akimtumia asiyesajiliwa ni lazima aweze kuonyesha kwamba ubora hautashuka. Usajili unadumu miaka mitano. Kuurudia unaonyesha saa ulizofanya kazi, mafunzo, na vikao vya kukaa na wenzako kujadili kesi zako, pale ulipofanya vizuri na pale ulipoharibu. Hivyo vikao mwanzoni niliona ni kupoteza muda kwa kahawa. Siku hizi ndicho kitu pekee ambacho ningekibeba nikirudi nyumbani.

Anayeona ametendewa vibaya anapeleka malalamiko, awe mzazi au kijana mwenyewe. Kuna jopo linasikiliza, na kuna rufaa. Adhabu zinaanzia onyo, karipio, kusimamishwa, mpaka kufutwa jina.

Lakini msije mkadhani huku ni peponi. Mimi nimelalamikiwa. Baba mmoja alikuwa anagombania mtoto na mtalaka wake, na mimi niliandika ripoti ambayo hakuipenda. Malalamiko yalitupwa, ila baada ya miezi, na miezi ile usingizi sikuuona. Nikaanza kuandika ripoti kama mtu anayejitetea kortini: "kwa mujibu wa maelezo ya mama", "inadaiwa". Kijana akinililia namfariji kwa mkono mmoja, mwingine unawaza nitaliandikaje hili. Wenzangu wawili waliacha kazi kabisa. Hilo ni gharama na halimo kwenye ada za Mlipa_Ada.

Na Mama, hofu yako hata huku ipo. Daftari lile ni la kiwango cha elimu ya juu ya kitaaluma. Wenye elimu ya ufundi ya kati, ambao ndio wanalala zamu na kupika na kuamsha watoto shule, hawaingii humo. Wanafanya kazi wakisimamiwa na aliyesajiliwa. Kwa hiyo mtu anayekaa na mtoto saa nyingi zaidi ndiye asiye na namba. Kuna njia ya kupimwa ujuzi ulioupata kazini ukapewa hati, na mimi nilipita huko nusu, nusu nyingine chuo. Mkidai kitu, daini hicho mapema, kabla sheria haijaandikwa. Ikishaandikwa utakuwa unaomba huruma.

Kijana_wa_Bweni_la_3

Nimesoma wote kimya. Mimi nimelelewa makao, kuanzia miaka 6 hadi 17. Sio Dodoma, lakini mkoa wa jirani, mavumbi ni yale yale.

Niliwahesabu walezi waliopita bwenini kwetu. 23. Wa kwanza nilimlilia alipoondoka, wa pili pia. Kuanzia wa tano nilikuwa sishiki jina. Nasema "anti" tu.

Aliyenipiga vibaya kuliko wote alikuwa na kitambulisho cha kung'aa shingoni, kilikuwa kinacheza-cheza akinyanyua mkono. Aliyenilea hasa alikuwa mama wa Kirangi, kusoma kwake ni kwa kuhesabu herufi kwa kidole. Lakini mimi nikinyamaza alikuwa anajua kama ni malaria au kama ni siku ya wenzangu kutembelewa na ndugu. Siku ya kutembelewa alikuwa ananipa kazi ya kukaanga karanga, jikoni, mbali na geti. Hakuniambia kwa nini. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima.

Kwa hiyo mimi nikisikia namba ya usajili sina ugomvi nayo. Nina swali moja kwa kaka wa Utrecht. Umesema kijana mwenyewe anaweza kulalamika. Je, anafanyaje? Maana kwetu kulikuwa na sanduku la maoni, na funguo alikuwa nayo patroni.

Mgogo_Utrecht

Mdogo wangu, hapo kwenye karanga nimeweka simu chini kwanza.

Jibu: kila kituo kinapaswa kumruhusu mtu wa nje, mtetezi, ambaye hajaajiriwa na kituo. Kwetu anakuja, anakaa sebuleni, anakunywa chai, anawajua vijana kwa majina. Kijana anamwambia yeye, naye anamsaidia kuandika. Kijana wa miaka 13 hataingia kwenye tovuti kujaza fomu kurasa kadhaa. Bila yule mtu wa chai, haki ya kulalamika ingekuwa kama sanduku lenu tu.

Afisa_Ustawi_Kata4

Funguo ya sanduku. Nimekagua makao miaka saba na sijawahi kuuliza funguo anayo nani. Kesho nina ukaguzi, nitaanza na hilo.

Sista_Makole

Mama wa Zamu umekaa kimya siku nne. Uko salama?

Mama_wa_Zamu

Nipo wanangu, nipo. Marahaba afisa, na usiombe radhi, neno lako lilikuwa la haki. Siku ya kwanza lilinikasirisha. Nilisema huyu ana pikipiki ya serikali na mshahara, anajua nini kuhusu kufukuzwa kazi ukiwa na wajukuu wawili nyumbani. Siku ya pili hasira ikaisha, nikabaki na lile neno lenyewe.

Jumatatu nikaomba ruhusa, nikasema naenda hospitali. Nikapanda gari Nzuguni saa moja asubuhi. Afisa wa huko alikuwa kwenye kikao, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane, nimeshiba maji ya kandoro. Akanipokea vizuri, kijana mdogo tu, ananiita mama. Akaniambia andika. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Akauliza tarehe, nikasema sikumbuki tarehe, nakumbuka ilikuwa wiki ya mitihani ya mwezi.

Lakini nilikuwa nimekuja na kitu. Jumapili usiku nilifungua kabati la madaftari ya zamu ya zamani, yale tunayoyaita "tukio", nikalitafuta la mwaka ule. Nikasema nikipata siku, ushahidi umekamilika. Nikaupata ukurasa, nikapiga kivuli stationari shilingi mia mbili, nikautia kwenye bahasha yangu ya vyeti bila kuusoma sana, maana macho yangu usiku si mazuri.

Yule kijana akauchukua, akausoma kwa sauti. Tarehe, idadi ya watoto 31, mgonjwa mmoja, mafua. Halafu mstari wa chini: "Usiku ulikuwa shwari. Watoto wote wamelala salama."

Akaniuliza, huyu mlezi aliyeandika hapa ni nani, tunaweza kumpata?

Nikamwambia ndiye huyu umemkalisha.

Hakusema kitu. Alichukua kalamu, akaniomba niandike hilo nalo, kwa maneno yangu, na niweke sahihi. Nimeandika. Amesema ataanza na ziara ya ghafla pale kituoni, na mtoto yule wa godoro atatafutwa, maana alishachukuliwa na shangazi yake. Mimi nitaitwa. Kazini bado hawajui nilikokwenda, nitawaambia Ijumaa kwenye kikao kabla hawajaambiwa na mwingine.

Mlipa_Ada, nimefanya hesabu zako, ada ya elfu ishirini kwa mwaka ningeiweza, zaidi ya hapo tutagombana mimi na bodi. Sista, ile kozi ya jioni uliyonitumia pembeni nimeiona, wanataka cheti cha kuzaliwa na mimi cha kwangu kiliungua na nyumba, ngoja niulize RITA kwanza. Mdogo wangu wa bweni la tatu, huyo mama wa Kirangi yu hai? Kama yu hai mpigie.

Naacha hapa, kuna mmoja amekuja mlangoni na shuka mkononi.